Bipu Moja Maana Yake Amefika

Doto, pacha wangu,

Neno "mpendwa" nililiandika, nikalifuta, nikaliandika tena, na mwisho nimeona niliache lipumzike. Wewe ni pacha wangu, hilo halifutiki, basi tuanzie hapo. Barua hii naiandika wazi, anayetaka na aisome, kwa sababu ulichonifanyia nawe ulikifanya mbele ya watu.

Wiki iliyopita walikuja mezani kwangu wanafunzi wawili wa chuo chako, msichana na mvulana, wamebeba madodoso. "Shikamoo mama," wakasema. Nikaitikia marahaba, ingawa tumepishana miaka michache tu. Nilikuwa nimefungua simu ya mteja, nabadilisha tundu la kuchajia. Msichana akaniuliza kama nimewahi kusikia mfumo wa Nyota Tatu, unaowajulisha wakulima wa pamba siku ya kupeleka mzigo ghalani. Nikamwambia nimewahi. "Unajua kuutumia, mama?" Nikamuuliza, "Huo wa kwenye intaneti?" Akasema ndiyo. Nikasema sijui. Akaweka alama kwenye kisanduku, akanishukuru kwa adabu, wakaenda kwa jirani. Ile simu niliimaliza, ila skrubu moja mpaka leo sijaiona ilikoangukia.

Kwenye karatasi za chuo chako, Doto, mimi ndiye nisiyejua Nyota Tatu.

Unakumbuka siku tulipopata fomu za kuendelea na kidato cha tano? Baba hakuwa amemaliza hata miezi miwili kaburini. Mama alikuwa na mashamba ya pamba, mgongo mbovu, na fomu mbili mapajani. Akasema kwa Kisukuma kwamba yeye hawezi kuchagua kati ya jicho na jicho. Mimi ndiye niliyesema, "Aende Doto. Huyu hata akibaki, atatulimia nini? Matuta yake yanapinda kama njia ya nyoka." Tukacheka wote watatu, na wewe ulicheka kuliko sisi. Mzaha ule ndio ulioamua maisha yangu. Kwa hilo sikulaumu, nilisema kwa mdomo wangu, na ukweli ni kwamba kulima ulikuwa hujui.

Wewe ukaenda shule, mimi nikaenda Bariadi mjini kujifunza ufundi simu kwa fundi mmoja karibu na stendi. Nikarudi kijijini na kisanduku cha vifaa na sola ya kuchajia, nikaweka meza mkabala na ghala la chama cha ushirika. Hapo ndipo nilipoyaona yale uliyokuja kuyaita tatizo la utafiti. Kinamama wanafika na mafurushi ya pamba kichwani, wametembea tangu alfajiri, karani wa mzani hayupo. Wanarudi nayo. Kesho yake karani anakuja, wao hawapo. Mimi nimekaa pale, naona kila kitu, na vocha ya kuwapigia wote sina.

Ndipo nikaanza kuwabipu. Bipu moja, karani amefika. Bipu mbili, amefika lakini subirini. Bipu tatu, msije leo. Wengi wao hawasomi, kwa hiyo kwenye kila simu nilijiandika alama ya nyota tatu badala ya jina, ili wakiona nyota wajue ni mimi. Nikawafundisha wasipokee. Nikajifunza na mimi kwamba mtandao wa kwetu ni mzito, lazima uache iite mara mbili ndipo ukate, la sivyo bipu haifiki. Haya sikuyasoma popote. Niliyapata kwa kukosea, na kwa kutukanwa na Shangazi Minza siku aliyokuja na pamba yake yote kwa bipu iliyofika nusu.

Mama ndiye alikuwa mwanafunzi mgumu. Kila nikimbipu, anapokea. "Halo, Kulwa, nimeiona bipu yako!" Salio langu linakwisha kwa kuambiwa kwamba bipu imeonekana. Wewe ulikuwa likizo, ukacheka mpaka ukakaa chini. Nayakumbuka vizuri meno yako siku ile.

Bipu moja ikatoka ghalani ikaingia nyumbani. Ikawa mtu wa kwetu akisafiri, akifika aendako anabipu mara moja. Ulipokwenda chuo kikuu mara ya kwanza, mama alikesha na simu mkononi, na ilipoita asubuhi akajizuia, hakupokea. Akaniangalia kama mtu aliyefaulu mtihani. Akasema, "Kafika."

Chuoni ukachaguliwa kusomea uhandisi wa kompyuta za mkononi. Ulipomweleza mama, ulitumia nusu saa nzima.

"Ni kompyuta, mama, ila unatembea nayo mkononi."

"Simu," akasema mama.

"Ni zaidi ya simu. Tunasoma jinsi zinavyofikiri, jinsi zinavyoongea zenyewe kwa zenyewe."

"Simu," akasema tena. "Miaka minne? Dada yako kajifunza mvua moja tu."

Nilikutetea. Nilimwambia mama kwamba mimi naziba pale palipotoboka tu, Doto anasomea namna zinavyoundwa. Nilijivunia, na nasema hivyo bila aibu. Ukija likizo nilikupa stuli yangu, nikakuachia wateja uwaeleze kwa nini simu zao zinapata moto. Wewe ulijua kwa nini, mimi nilijua la kufanya, na nilidhani hivyo ndivyo mapacha wanavyogawana kazi.

Likizo ya mwaka wako wa mwisho ulikuja na daftari. Ukakaa mezani kwangu majuma matatu ukiuliza. Kwa nini tatu na si nne? Kwa nini nyota? Nani alisahau, ukafanyaje? Nilikuchorea mpango wote nyuma ya boksi la chaja: moja, mbili, tatu, na nyota zangu pembeni. Ukaniomba boksi lile, nikakupa. Ulisema, "Kulwa, hili jambo kubwa, watu lazima walijue." Nami nikadhani watu watalijua pamoja na mwenyewe.

Kisha maonyesho ya wakulima pale Bariadi. Ulitutumia ujumbe kwamba chuo chako kitakuwepo na utazungumza. Mama alivaa kitenge cha Pasaka. Tulifika mapema, tukasimama nyuma ya viti vya wageni, na nyuma yako palikuwa na bango kubwa lenye nyota tatu. Nilizitambua kabla hujafungua mdomo.

Ukasema kinamama wa vijijini hawana mfumo wowote wa kupeana taarifa. Ukasema wanatembea na mizigo kama vipofu. Ukasema ulikaa, ukafikiri, ukabuni. Ukasema, nayakumbuka maneno yako yalivyopangwa, "Katika utafiti nilimhoji mama mmoja muuza vocha, na kupitia yeye niliona ukubwa wa tatizo." Wageni wakaandika. Mimi mama mmoja, Doto. Muuza vocha. Niliyetoka tumbo moja nawe, nikiwa wa kwanza.

Ulisema kwa Kiswahili cha chuo, nusu yake Kiingereza, na mama yetu Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni: bei, kilo, salamu. Akanivuta kitambaa. "Anasema nini?"

Nilikuwa na nafasi ya kumwambia. Nilimtazama alivyosimama na mgongo wake ule, kitenge kimepigwa pasi, nikamwambia kwa Kisukuma, "Anasema dada yake Kulwa ndiye aliyebuni jambo hili, na yeye amejifunza kwake."

Mama alipiga vigelegele. Pale pale, katikati ya wageni, mwanamke wa pamba. Watu wakageuka, wewe ukatuona, ukatabasamu, ukatupungia mkono. Ukidhani vigelegele ni vyako.

Tangu siku hiyo mama hakuwa na habari nyingine. Kisimani, kanisani, kwenye foleni ya mzani: Doto kamtaja Kulwa mbele ya wakubwa. Waliokuwa wakiniuliza kwa nini niliacha shule, aliwajibu yeye. Mimi nilinyamaza, na uongo wangu ukazidi kunenepa. Mfumo wako nao uliletwa kijijini msimu mmoja. Mfumo huo ulitaka simu janja na bando, na kinamama wa kwetu wana viswaswadu, simu za vitufe tu. Mfumo ulipokwama hapakuwa na aliyekutaarifu, kwa sababu walikuwa wamesharudi kwenye bipu. Kwa hiyo huko unasifiwa, huku mzani unaendeshwa na nyota za kwenye simu za tochi.

Hata hayo ningeyameza. Ningeweza kusema ulikuwa kijana, ulikuwa na woga mbele ya walimu wako, ulimi ulikuteleza. Kilichonishinda ni siku ya msiba.

Tulikuwa tumeshamzika mama, watu wamekaa kwenye turubai. Shangazi Minza akaja, akakushika mikono yote miwili, akalia. "Wabeja, baba, wabeja," akakushukuru. "Ulimtaja dada yako mbele ya wakubwa. Mama yako kafa na furaha ile."

Ukaniangalia. Uliona usoni kwangu yote yaliyotokea, Doto, wewe huhitaji kuambiwa, tulilala tumbo moja. Nikaona umeelewa. Nikangoja. Nilidhani utasema, "Hapana, shangazi, sikumtaja." Au utanyamaza tu, hata kimya kingenitosha.

Ukainamisha kichwa ukasema, "Ulikuwa wajibu wangu, shangazi."

Kazi yangu uliichukua nikakuvumilia. Siku ile ukachukua na uongo wangu, ule niliomfunikia mama yetu, ukajifunika wewe. Kesho yake ukapanda basi la kwanza. Hukubipu ulipofika, na mimi sikungoja.

Nasikia sasa unafundisha wanafunzi hapo chuoni, na hao wawili wenye madodoso ni wako. Sitaki jina langu kwenye bango, na sikutafuti kwa wanasheria. Nataka maneno yale ambayo mama alifariki akiamini uliyasema, uyaseme. Wasimamishie wanafunzi wako somo, useme jina langu na kazi yangu: Kulwa, fundi simu. Mama alizikwa na jambo ambalo halijatokea, na wa kulitokeza ni wewe peke yako.

Simu ya mama ninayo. Naichaji, na laini yake naitunza isifungwe. Siku ukishasema, usinipigie, wala usiniandikie ujumbe mrefu wa kunieleza sababu. Bipu namba ya mama, mara moja tu. Acha iite mara mbili ndipo ukate, kama nilivyokufundisha.

Sitapokea.

Niliyekutangulia kuzaliwa,
Kulwa wako