Msiba wa Injini ya Baba Mkwe

Viwanja Sitini, Ifakara

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuamkia nikiwa nimekaa juu ya gunia la mpunga, maana nyumba imejaa na hakuna pengine pa kukaa. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua unaitumia, au umeificha unasubiri nije nikuchue mimi? Huku sote wazima. Mvua zimekwisha, mbu hawajakwisha.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu salio hukatika kabla sijafika kwenye utamu. Jikaze, Mama. Mwanao amemtania baba mkwe.

Usiitupe barua! Ngoja nikueleze.

Tangu niolewe nimeishi na mzee huyu kama ulivyonifunda. Akipita napisha, akisema naangalia chini, chakula natenga naondoka. Naye ni mtu wa "mm" na "haya" tu. Wewe uliniambia Wapogoro ni watani wetu sisi Wangoni, kwamba nitakwenda kucheka mpaka mbavu ziniume. Nimefika, mtani wa kwanza ni mkwe! Nicheke na nani?

Sasa ile pikapu yake ikaanza kula oili na kutoa moshi mtaa mzima ukikohoa. Mpunga wetu uko Mngeta kwenye magunia, na gari halipandi hata tuta. Fundi Saidi akasema dawa ni moja, injini itoke, ifunguliwe, ibadilishwe ringi za pistoni. Mzee akakataa katakata. Akamwambia mume wangu mbele yangu, "Gaudensi, siku utakayoitoa injini ya gari langu, utafute baba mwingine." Sentensi ndefu ya kwanza kuisikia kinywani mwake, na ndiyo hiyo.

Mzee akaenda Mngeta kulinda mpunga. Unamjua Gaudensi alivyo mpole, lakini safari hii mpunga ulimtia wazimu. Asubuhi yake fundi akawa uani. Wakamwaga oili, wakatoa boneti na rejeta, wakafungua boliti moja moja. Wakasimamisha miti mitatu, juu wakafunga mnyororo wa kuinulia. Kuvuta, injini haiendi juu, miti ndiyo inakwenda chini! Udongo wa huku baada ya masika ni uji. Fundi akaangaza macho uani kutafuta kitu kigumu, akayaona mafiga yangu.

"Shemeji, tuazime hayo mawe."

"Na ugali nitapika juu ya kichwa chako?"

Akacheka, akayachukua. Figa moja chini ya kila mti, na kweli injini ikapanda. Wakaisukuma pikapu nyuma, wakaishusha taratibu juu ya mkeka wangu, nayo manyunyu yakaanza. Fundi akaifunika kwa kanga yangu. Basi piga picha, Mama: moto umezimwa, majirani waliokuja kutazama wamesimama kimya, katikati kuna kitu kimelala mkekani kimefunikwa kanga.

Hapo ndipo bodaboda ikaingia na baba mkwe nyuma, kumbe amerudi kuchukua chakula.

Alishuka taratibu, akavua kofia. "Nani amekufa?" akauliza.

Gaudensi alikuwa anataka kusema, midomo inacheza tu. Mzee akasogea, akaifunua kanga. Nikauona uso wake ukibadilika, nikajua leo mume wangu anakosa baba. Wallahi ningeweza kukimbia. Badala yake nikajifunga kibwebwe, nikajitupa chini kando ya injini, nikaangua kilio.

"Uwiii! Mpogoro amekufa! Alikunywa oili, hakusikia la mtu! Mtani wangu, maiti haitoki hapa mpaka nipewe kuku wangu!"

Fundi aliangusha spana. Nami, Mama, kama mtani yeyote msibani, nikamtazama mkwe usoni, nikamnyooshea mkono nidai kuku.

Alinitazama weee. Kisha akasema, "Ninyi Wangoni mlitujia na mikuki hamkutuweza. Sasa mmekuja na vilio?"

Akacheka! Alicheka mpaka akakohoa, akakaa juu ya tairi, majirani nao wakavunjika mbavu. Alipotulia akamgeukia mwanawe. Kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Sikukukataza?"

"Ulinikataza, baba. Nisamehe."

Mzee akakunja mikono ya shati. "Shika huko tuigeuze. Na mrudishieni huyu mafiga yake, nina njaa."

Ringi mpya zikaingia, injini ikarudi mahali pake. Mzee mwenyewe ndiye aliyewasha, nasi tumeziba pumzi. Ikaunguruma bila moshi, yeye akabaki anapapasa usukani.

Juzi tukaenda Mngeta kuchukua mpunga. Wakati wa kurudi nikawa napanda juu ya magunia, mzee akaniita. "Gaudensi apande huko. Mtani wangu akae mbele." Nilijibana mlangoni, nusu ya mwili nje. Lakini Mama, alisimulia njia nzima! Alinieleza habari za marehemu mama mkwe, ambaye sikumkuta: alivyopenda ngoma, alivyomfukuza mzee kwa mwiko alipochelewa kurudi, alivyougua. Tulipofika nyumbani akazima gari, hakushuka.

"Nilikuwa nimenyamaza mno, mwanangu," akasema.

Nikalia, Mama, na safari hii sikuwa natania.

Msalimie kaka Deo anayekusomea barua hii, asiruke mahali. Shangazi, aliyesema nitakauka huku kwa kukosa wa kucheka naye, mwambie nanenepa. Bibi mshike mikono yote miwili kwa niaba yangu. Gunia moja la mchele litakuja kwa basi, na mzee anawasalimu. Anasema Wangoni mle taratibu, msije mkakabwa.

Mimi mwanao akupendaye kupita mchele wa Kilombero wote,

Skola