Kitanda cha Mama na Kamba ya Katani

Barabara ya Kumi na Mbili,
Ngamiani,
Tanga.
17 Novemba 1957

Mpendwa ndugu yangu Idarusi,

Assalaam alaykum. Naomba waraka huu ukufikie ukiwa mzima, wewe na mkeo Asmahani na binti yenu Mboni, somo wa Mama. Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya huko Moshi? Usione haya kuvaa fulana mbili. Aliyekuzaa hakukuzaa kwa ajili ya mlima.

Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mume wangu Shehe anakohoa kwa vumbi la katani la huko ghalani bandarini, na kama kawaida yake anasema ni mafua tu. Vuli imeanza. Makuti yetu yanavuja mahali pamoja, tena juu ya mtungi, kwa hiyo hatuna la kulalamikia.

Barua yako niliipata. Ulikata kauli humo: Mama akae kwangu mjini karibu na hospitali, asirudi Kigombe kuishi peke yake, na nikishindwa kumtuliza utakuja mwenyewe umchukue Moshi. Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa sina jibu. Sasa ninalo. Halitakufurahisha, basi nivumilie nikueleze tangu mwanzo.

Unakumbuka Mama alipoteleza uani kwake wakati wa masika akaumia mguu, tukamleta hapa. Mguu ulipona mapema. Kilichokataa ni usingizi.

Kile kitanda cha chuma ulichomletea kwa treni ni kizuri, ndugu yangu, sikifichi. Mtaa mzima ulikuja kubonyeza springi zake. Mama alikilalia usiku mmoja kwa heshima yako, na asubuhi nikamkuta chini kwenye mkeka. Nilipomuuliza akasema kila akigeuka kinamjibu. "Mie nimezoea kulala na kitanda, sikuzoea kuzungumza nacho," akasema. Nikaweka godoro la sufi juu yake, nikaweka mablanketi, wapi! Alirudi mkekani kwake.

Mkekani nako hakulala. Alijigeuza mpaka alfajiri, na mchana akawa anasinzia kwenye kigoda kashika tama, ukimsemesha anashtuka. Uji akawa anauacha. Hospitali walimpima wakasema hana ugonjwa. Niliogopa, Idarusi. Nilimwona anakwisha mbele ya macho yangu, na mimi ndiye niliyekuahidi kumtunza.

Ndipo nikawaza kuleta kitanda chake cha Kigombe. Ni kile alichopewa na babu siku alipoolewa, tulichozaliwa juu yake mimi na wewe, na ndipo alipofia Baba, Mungu amrehemu. Kilikuwa kimetupwa chumba cha nyuma tangu kamba zake zioze, na kuku wa jirani alikuwa anatagia chini yake. Shehe alikwenda kukichukua kwa lori la nazi. Alirudi na kitanda, na mayai.

Nilikisugua kwa mchanga na ndimu, kisha nikakipaka mafuta ya nazi. Usingeamini. Matendegu yale, miguu ya kitanda, tuliyokuwa tukiyajua meusi yamekerezwa pete nyekundu na za manjano kutoka juu mpaka chini. Miaka yote ile tumelala juu ya mapambo hatukujua, yamefunikwa na moshi wa taa. Mama alipita akatazama, akasema tu kwamba zilikuwa nyekundu zaidi.

Ukaja ugomvi wa kamba. Unamjua shemeji yako. Ukimsikiliza Shehe, katani inafaa kwa kila jambo isipokuwa kuliwa. Alileta kamba mpya nene, nyeupe, inang'aa. Mama akasema kitanda huwambwa kwa ukambaa wa miyaa, ile kamba ya majani inayosukwa kwa mkono. Shehe akacheka.

"Mama, ukambaa ni mambo ya zamani. Kamba hii inavuta meli."

"Mie si meli," akasema Mama, akaenda zake.

Shehe na jirani wakakiwamba kwa nguvu zao zote mpaka ukikipiga kofi kinalia. Kesho yake nikaona kunguni kwenye maungio. Nikafanya vile Mama alivyokuwa akifanya siku zote, na vile afanyavyo kila mwanamke wa mtaa huu: nikakitoa uani, nikachemsha maji debe zima, nikakimwagia chote, miti na kamba. Kumbe kamba ya katani ikilowa hujikaza. Shehe analijua hilo, ndiyo kazi yake, lakini yeye alikuwa bandarini na mimi nilikuwa na debe.

Nikiwa jikoni nilisikia mlio. Mfumbati mmoja, ule mti mrefu wa ubavuni, ulikuwa umepasuka katikati, na tendegu la upande wa mchago, wa kichwani, limechomoka limelala kifudifudi. Kitanda kilichobeba uzazi wote wa mama yetu nimekivunja mimi kwa maji ya moto.

Mama akatoka kutazama. Akatazama kitanda, akanitazama mimi, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Meli imezama," akasema.

Sikuwa nimesikia kicheko hicho tangu Baba afariki. Jioni Shehe alipoelezwa alikula haraka, akaenda kulala mapema.

Fundi wa hapa mtaani alisema miti ile inafaa kuni tu. Nikamwambia kuni ni yeye. Kwamba mke wa Shehe ana mdomo, fundi huyo atakuwa ameshalisema kila anakokwenda. Mwisho nikaelekezwa kwa Mshambaa mmoja wa Pongwe aitwaye Asheri, msharika wa Kilutheri, anayetengeneza milango na madirisha ya shamba la mkonge. Ni mtu mpole. Alimwamkia Mama shikamoo, akapiga goti kando ya kitanda akaukwaruza mti kwa ukucha, akasema ni mvule. Akaja na kipande cha boriti ya mvule kutoka nyumba iliyobomolewa, akachonga mfumbati mpya.

Yeye alitaka kugongomea misumari na kutia gundi ili kisivunjike tena. Mama akakataa kabisa. Akasema kifungwe kwa vijiti vya mti kama zamani, vijiti vya kuchomoka.

"Bibi, nikikipigilia kitakaa mpaka kwa vitukuu," Asheri akamwambia.

"Baba, sikukuomba kikae. Nimeomba kifunguke."

Asheri akanitazama, nami nikamfanyia ishara amwachie. Nilidhani ni ukaidi wa utu uzima tu.

Mama akaagiza miyaa kutoka Kigombe, akakaa barazani kusuka ukambaa. Siku ya kwanza alisuka peke yake. Baadaye akaja mama mmoja kumwuliza anasuka nini, akaja na wa pili, mara baraza ikawa imejaa wanawake na miyaa, wanacheka, wanasengenya, wanagombania nani kasuka vibaya. Hata mimi nilifundishwa upya, na kuchambwa juu yake. Mama akaanza kuuliza jikoni kunapikwa nini. Kisha akaanza kusema kinapikwa vibaya.

Wazimu huo wa kufufua vya zamani umetuingia nyumba nzima. Ile mbuzi ya Mama ya kukunia nazi, ambayo meno yake yalikuwa yameisha, Shehe aliinoa kwa tupa na sasa nakunia hiyo kila siku, ile mpya nimeiweka kando. Chemli ya Baba nimeitafutia chimni mpya ya kioo, inawaka vizuri kuliko taa yangu. Shehe anasema nikiendelea hivi nitamrudisha na yeye alivyokuwa kijana. Nimemwambia hakuna fundi wa kazi hiyo.

Siku ya kuwamba, Shehe na Asheri walivuta, Mama akasimamia. Alikuwa akipiga ukambaa kwa kiganja, anasikiliza, anasema legeza, anasema kaza. Shehe hakutamka neno katani siku hiyo.

Usiku ule Mama alilala. Alilala hasa, Idarusi. Mimi ndiye niliyemwamsha kwa sala ya alfajiri, mimi ambaye siku zote naamshwa na yeye. Akaendelea hivyo, mashavu yakarudi, na mimi nikaanza kukuandikia barua ya kujisifu kwamba Mama ametulia, hutakuwa na haja ya kumtoa Tanga.

Sikuimaliza. Asubuhi moja nilipeleka chai chumbani nikakuta kitanda kimefumuliwa. Ukambaa umezungushwa vizuri, matendegu na mifumbati imeegemezwa ukutani, vijiti vimefungwa kwenye kitambaa, na Mama amekaa kwenye mkeka wake uliokunjwa, buibui amevaa.

"Mama, ni nini tena hiki?"

"Kitanda kimepona, na mie nimepona. Mwambie Shehe anitafutie lori."

Ndipo nikafahamu alichokuwa anamwambia Asheri. Mimi nilikuwa natengeneza kitanda cha kumweka hapa, yeye alikuwa anatengeneza cha kuondokea. Nilikasirika. Nilimwambia kwamba atatuua kwa hofu, kwamba ataanguka tena na hapatakuwa na mtu, na kwamba wewe umeandika asirudi.

"Idarusi ni mwanangu," akasema. "Si mume wangu."

Nikalia, maana sikuwa na silaha nyingine. Akanivuta nikae kando yake, akanishika mkono.

"Chiku, nyumba yako nzuri na wewe mwana mwema, Mungu anajua. Lakini kwako kila nikiamka nauliza hapa ni wapi. Nimekuwa mtu mzima mno, mwanangu, kuwa naamka kila siku kuuliza hapa ni wapi."

Nilikubali shingo upande. Akaondoka na kitanda chake juu ya lori, yeye mbele kwa dereva, hata nyuma hakutazama. Mwanakombo, yule mjane wa nyumba ya pili, unamjua, amekubali kulala kwa Mama, na Shehe anampelekea mahitaji kila lori la nazi likienda. Hayo nimeyapanga vizuri, usiwe na wasiwasi nayo.

Lakini moyo wangu haukukubali. Usingizi uliomrudia Mama ukanikataa mimi. Ijumaa hii iliyopita nikapiga moyo konde, nikapanda lori kwenda kumrudisha. Barua yako niliifunga kwenye pindo la kanga ili nimsomee neno kwa neno, ajue kwamba akinikataa mimi utakuja wewe na treni ya Moshi.

Nilifika baada ya adhuhuri. Mlango uko wazi. Mwanakombo alikuwa uani anapepeta mchele, akaniambia yumo ndani. Nikaingia na maneno yangu yote tayari mdomoni.

Kitanda kiko chumba chake kilekile, dirishani, mahali kilipokuwa tulipokuwa watoto. Mama amelala ubavu, mkono chini ya shavu, kanga imemtoka begani, anakoroma. Nikamwita kwa sauti ndogo. Hakusikia. Nikakaa chini kwenye mkeka nikamngoja, na nikamtazama uso. Haukuwa na hofu yoyote, Idarusi. Sikumwona na uso ule hata siku moja nyumbani kwangu, pamoja na yote niliyomfanyia.

Lori likapiga honi barabarani. Nikaweka sukari na mikate upande wa mchagoni, nikamfunika bega, nikatoka.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Nimeshindwa kumweka mjini, na wewe ulisema nikishindwa utamchukua. Wewe ndiye mwana wa kiume, sitakufungia njia. Ila nakuomba kwa ukubwa wangu kwako: ukija kumchukua, usiandike siku utakayofika. Fika Kigombe mchana, baada ya adhuhuri, uingie polepole kama nilivyoingia mimi. Ukiweza kumwamsha, mchukue.

Shehe anakusalimu sana, na bado anasema kosa lilikuwa la maji, si la katani. Asheri naye kakuletea salamu ingawa hamjuani. Nisalimie Asmahani, na mbusu Mboni mdogo mashavu yote mawili kwa niaba ya bibi yake.

Mola akulinde na baridi na akurudishe kwetu salama, na atuwekee mama yetu. Amin.

Ndimi dada yako nikupendaye hata ninapokuasi,

Chiku binti Hatibu