Mji wa Mlimani, na Mgeni wa Jumamosi

Lurambi, Kakamega
14 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima, goti la Mama limepata nafuu, na mahindi ya Chekalini yamependeza baada ya palizi. Mimi sijambo kabisa. Ningepiga simu, lakini jambo hili nataka ulisome polepole, umeketi na Mama.

Chuoni kwetu alikuja mhandisi kutoka Peru, anaitwa Yanet, kuwafundisha wanafunzi wangu wa uashi kujenga kuta za mawe za kuzuia udongo. Siku moja alituonyesha picha za Machu Picchu, mji ambao Wainka waliujenga juu mlimani nchini kwake, karibu miaka mia sita iliyopita. Baba, mawe yale yameshikana bila saruji!

Nilisema hiyo ni ngome ya vita. Yanet akacheka. Akaeleza kwamba wataalamu wengi huamini ni makao aliyojengewa mfalme wao Pachakuti, ya kupumzikia na kufanyia ibada. Nikauliza kwa nini wapande juu hivyo. Akanionyesha vilele vilivyouzunguka mji na mto unaojikunja chini yake. Kwao milima ilikuwa hai, ikiwalinda na kuwaletea mvua. Hekalu lao lina dirisha ambalo jua la Juni huingilia asubuhi, likamulika mwamba uliokuwepo tangu asili. Hawakuuvunja, waliuzungushia ukuta. Nami nikikuta mwamba kwenye msingi, huita watu wa nyundo.

Nikamuuliza kama kwao bado wanaabudu milima. Alijibu bila haya kwamba nyanya yake hakosi Misa, lakini kabla ya kupanda mbegu humwaga ardhini pombe kidogo ya mahindi, kushukuru. Nikamkumbuka Kukhu, mama yako, akitupa tonge la obusuma nje kabla hatujala, nawe ukimkemea.

Sasa niseme. Tangu siku hiyo tumekuwa tukizungumza kila jioni, na juzi nilimwomba awe mke wangu. Amekubali, ila kwa sharti kwamba nikuambie yote, hata habari ya ile pombe, kwa kuwa wewe ni mzee wa kanisa. Nilitaka kuificha. Yeye akakataa.

Nitamleta Jumamosi. Ukitaka kumuuliza kuhusu wokovu, muulize, hatatikisika. Lakini mpeleke shambani kwanza.

Msalimie Mama, umwambie moyo wangu umejaa furaha. Kalamu nampa Yanet, amekataa nimwandikie.

Mwanao,
Wangila

Mulembe, papa. Mulembe, mama. Naomba kuja.
Yanet