Sauti ya Baba Ilikuwa Kwenye D

Bi Hanifa, shikamoo. Nakusikiliza redioni kila Alhamisi hapa dukani kwangu Shelui huku natoa fotokopi, na sikuwahi kudhani kuna siku nitakuandikia mimi, lakini nimebeba jambo ambalo sasa linaninyima hata kula, nisaidie mama yangu, na jina langu usilitaje, majina ya ndugu zangu nimeyabadilisha.

Nina steshenari ya kupanga kando ya barabara kuu, nachapa barua, naingiza nyimbo kwenye flashi za madereva wa malori, na kompyuta ninayo moja tu. Baba yetu, mzee Simeoni, alifariki mwezi wa pili nyumbani Misigiri. Wiki mbili kabla aliniita chumbani peke yangu, wengine wako shambani na dada yetu Selina ameenda kumfuatia dawa, akaniambia kwa Kinyiramba niwashe simu nimrekodi, kwa sababu maneno ya mdomo kila mtu huyasimulia anavyotaka, akaongea kwa dakika kumi na moja, na kubwa kuliko yote ni kwamba lile shamba la alizeti la barabarani apewe Selina, ambaye aliachika akarudi nyumbani na ndiye aliyemwogesha na kumlisha miaka mitatu. Alipomaliza akasema, "Itunze hii, mwanangu, mpaka siku ya kikao." Simu yangu ilikuwa imejaa, nikaihamishia sauti ile kwenye kompyuta, sehemu ya D, nikaifuta kwenye simu, maana mafundi wa huku wote tunaamini hivyo na mimi mwenyewe nimewaambia wateja mara nyingi, weka vitu vyako D, hata ukifuta Windows na kuiweka upya D haiguswi. Baada ya mazishi niliwaambia ndugu zangu kwamba sauti ya baba ninayo, yaliyomo sikuyasema.

Mwezi uliopita virusi vya flashi za wateja vikanizidi, rafiki yangu Fredrick wa Singida mjini akanishauri nigawe diski niweke mfumo wa pili, Linux, pembeni ya Windows, kazi za wateja nizifanyie huko. Nikafanya mwenyewe, najiona fundi, na ilipofika mahali pa kuchagua sehemu ya kuweka mfumo mpya sikuona C ya Windows wala D, niliona namba na ukubwa tu, nikachagua ile kubwa nikidhani ndiyo nafasi niliyoikata, mashine ikauliza kama nina uhakika kwa sababu kila kilichomo kitafutika, nikabonyeza ndiyo. Kumbe ndiyo D yenyewe. Windows ipo salama, baba hayupo.

Nililia, Bi Hanifa, mtu mzima wa miaka thelathini na minne. Nikampigia kaka yetu mkubwa Sostenes nikamweleza yote, pamoja na habari ya shamba, nikitegemea atanigombeza, lakini akasema taratibu, "Basi Mungu ameamua. Bila ile sauti hakuna wosia. Kaa kimya, nami nitakukatia kipande pale barabarani ujenge duka lako mwenyewe." Sikumjibu ndiyo, lakini sikumkatalia pia. Jumapili iliyofuata nilikwenda nyumbani, Selina akanishika mkono nje ya kanisa akauliza kama sauti ya baba ipo salama, akasema hataki kujua alimgawia nani nini, anataka siku moja aisikie tu, kwa sababu jinsi baba alivyokuwa akimwita imeanza kumpotea. Nikamwambia ipo.

Kikao cha ukoo kitakaa alizeti zikishavunwa. Nimepakua programu za kurudisha vilivyofutika nikaziweka humohumo, hazijaleta kitu, na hata barua hii naiandikia kwenye huo mfumo mpya. Niambie, niseme, au ninyamaze na kumwachia Mungu?

Mwenye steshenari, Shelui

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba, na pole tena kwa ulichokipoteza baada ya msiba.

Kwanza zima hiyo kompyuta. Sasa hivi, mimi nikiwa bado nazungumza. Nimemuuliza Rahimu, fundi wa mitambo yetu hapa redioni, akashika kichwa. Anasema kilichofutwa mara nyingi hakiondoki papo hapo, kinakufa pale kingine kinapoandikwa juu yake, na wewe mwezi mzima unaandika juu yake. Zile programu umeziweka palepale, na barua ya kumlilia baba umeiandikia palepale alipokuwa. Chomoa diski, mpelekee mtu mwenye ujuzi wa kurudisha vitu, aisomee kwenye mashine nyingine. Huenda ikapatikana yote, huenda kipande, huenda isipatikane. Sikudanganyi.

La pili ndilo lililoniudhi. Kubonyeza vibaya ni ajali, hata mimi ningebonyeza. Lakini pale nje ya kanisa palikuwa na kompyuta gani? Dada yako alikuuliza kwa mdomo, ukamdanganya kwa mdomo. Na Mungu mwacheni, wewe na kaka yako, aliyefuta ni wewe na anayetaka kunufaika ni yeye. Eti bila ile sauti hakuna wosia. Kwani mzee aliongea na simu? Aliongea na wewe, akakuita mwanangu, na masikio yako hayajafutwa.

Leo chukua kalamu na karatasi, andika kila unachokumbuka, kwa Kinyiramba kama alivyosema, weka tarehe na sahihi. Kisha panda gari uende Misigiri, usisubiri alizeti. Mwambie Selina kabla ya mtu mwingine yeyote, jinsi ulivyofuta, jinsi ulivyomdanganya, na kile kipande ulichoahidiwa. Atalia, huenda akakufukuza, vumilia. Halafu mwende wote wawili kwa wasaidizi wa kisheria mkaulize maneno yako yana uzito gani mbele ya mahakama, kwa kuwa mimi si mwanasheria na siwezi kumwahidi shamba. Siku ya kikao simama uyaseme Sostenes akiwepo. Kipande cha barabarani utakikosa. Kikose.

Lakini Selina hakukuomba shamba. Alikuomba asikie jinsi baba yake alivyokuwa akimwita. Ulikulia nyumba hiyo, unajua. Ukishamwomba radhi, mwite hivyo.