Mdogo Wangu Kaniblok kwa Sababu ya Komenti Zangu za Kiingereza

Mpendwa mshauri, naomba msaada, lakini mapema kabisa nakuomba usiniambie ninyamaze, maana hilo nimeshaambiwa, likaingia sikio hili likatokea lile.

Mimi ni msusi, nina viti viwili na draya moja yenye kelele kuliko wateja, na mwaka huu nimejiunga na darasa la jioni la Kiingereza kwa sababu nimechoka kuchekacheka tu wateja wageni wakinisemesha, na mwalimu wetu ametuwekea sheria kwamba kila siku kila mwanafunzi aandike mtandaoni komenti moja ya Kiingereza, mahali watu wanapoiona, basi mimi nikachagua kwa mdogo wangu, kitinda mimba wetu, ambaye nilimbeba mgongoni mama akiwa kazini na ambaye sasa yuko ofisi ya bima na anaposti picha kila akivaa viatu vipya. Naandika kwa adabu nilivyolelewa, siwezi kuingia kwa mtu bila hodi wala salamu, kwa hiyo kila picha naanza, "Dear sister, I hope this comment finds you well," kisha nawajulia hali wafanyakazi wenzake, kisha nampa habari za nyumbani, nani kapona, nani kajifungua, kisha namtagi mjomba na mama mdogo wasije wakasema nimewatenga. Wiki iliyopita akaposti picha yuko na bosi wake, kapandishwa cheo na anahamishiwa nchi nyingine, nikafurahi mpaka nikaacha kichwa cha mteja kimesukwa nusu, nikaandika, na mwishoni nikamwambia lile jipu la mama kwenye kalio limepasuka, tumshukuru Mungu, na bosi naye nikamsalimu na kumuuliza kama ameoa.

Komenti ikafutwa. Nikadhani ni mtandao, nikaandika tena. Jioni nikawa simwoni kabisa, kaniblok! Nikampigia, akasema, "Dada, ofisi nzima inacheka. Nitakufungulia ukiniahidi utakuwa unaweka kopa tu, usiandike neno." Kopa! Mimi niliyemfundisha kusema "maji," leo niishie kumtumia kimoyo chekundu? Nikamkatia simu. Siahidi ng'o. Lakini anaondoka Jumamosi, na akishaondoka hiyo simu ndiyo macho yangu, nisipomwona humo sitamwona, na mshauri, hilo linaniuma kuliko ninavyowaonyesha hapa saluni. Nifanyeje?

Ni mimi, Msusi Mwenye Maneno

*

Msusi Mwenye Maneno,

Pole, na hongera. Pole kwa kufungiwa mlango na mtoto uliyembeba. Hongera kwa kukataa kopa, hata mimi nisingekubali. Mficha uchi hazai, na anayeficha Kiingereza chake mpaka kinyooke atazeeka nacho mdomoni. Endelea kuandika.

Sasa kaa chini nikuseme. Jipu la mama yako lina uhusiano gani na cheo cha mdogo wako? Mama mwenyewe alikutuma? Salamu ni adabu, sikatai, lakini wenye lugha yao hawapigi hodi kwenye komenti. Kwao picha ni mtu mnayepishana naye njiani ana haraka zake, unamwambia neno moja la kumfurahisha, unapita. "So proud of you, sis" ilitosha sana. Nani kajifungua, nani kapona, hayo yana inboksi yake. Na kumtagi mtu ni kumvuta mkono mbele za watu, sasa mjomba wa watu unamvuta kwa kila kiatu? Bosi naye, habari za ndoa yake muulize siku utakayomsuka.

Umeona lakini? Ofisi haikucheka Kiingereza chako, imecheka jipu. Mdogo wako kayachanganya mawili hayo, na hapo ndipo naye alipokosea vibaya. Angekuita pembeni akakueleza, dada mtu ungeelewa. Yeye kaona rahisi kukufunga mdomo, na kwa hilo anastahili kusemwa, cheo au si cheo.

Fanya hivi. Leo, ukimaliza kichwa kilichopo kitini, funga saluni uende kwake. Usipige simu, kwenye simu nyote wawili mna viburi. Mwombe radhi kwa jipu, hiyo moja tu, usiombe nyingine. Kisha mwambie ukimtazama machoni, "Nitafupisha, lakini sinyamazi." Msaidie kufunga mabegi. Akiwa ni mtoto uliyemlea wewe, ataitoa simu mwenyewe akufungulie.

Asipoitoa, usimbembeleze. Jumamosi msindikize kwa upendo wote, urudi saluni, ufungue ukurasa wako mwenyewe. Piga picha vichwa unavyosuka, na chini ya kila kimoja andika Kiingereza chako hicho hicho. Utakosea, watu watacheka, kesho utaandika tena, na hapo hakuna mwenye ruhusa ya kukufuta. Naye huko ugenini, siku atakapotamani maneno ya dada yake, itabidi akufungulie mwenyewe ndipo ayasome.