Ghorofa Juu ya Mama Mkwe

Shangazi Mellen,

Salamu nyingi kutoka Homa Bay, na tafadhali usicheke kabla ya kufika mwisho wa barua hii, maana Ijumaa mtu anakuja kununua nyumba yangu na mke wangu hajui hata kama inauzwa.

Mimi ni fundi wa mbao, miaka thelathini na mmoja. Kuna mtaa wa zamani huku karibu na ziwa wenye yale maduka ya Wahindi ya ghorofa moja, na mwaka juzi mwenye jengo mmoja alipohamia Kisumu aliniuzia ile ghorofa ya juu, ya chini akabaki nayo anapangisha. Shangazi, ilikuwa imejaa popo na mavi yao, lakini nimeitengeneza kwa mikono yangu mpaka watu wanapanda ngazi kuja kuangalia tu, nikang'oa sakafu mbovu pamoja na mchanga ambao wazee waliolijenga walikuwa wamejaza chini ya mbao, maana sikuona kazi yake, nikaweka mvule na vanishi, madirisha ya vioo yanayotazama ziwa, bafu ya ndani yenye maji, na roshani ambayo ukikaa jioni hutamani kwenda popote.

Sasa mke wangu Pamela, ambaye tumeoana miaka miwili, ana mama yake aliyekuwa akiuza omena, hawa dagaa wetu wa ziwani, kule Magunga, na mama akataka kuhamia mjini kwa sababu omena ya kisiwa cha Remba inashukia hapa, na Pamela akamtafutia duka, na duka alilolipata ni lile la chini yangu, lina chumba cha kulala nyuma, na chumba hicho kiko chini ya chetu, yaani kitanda juu ya kitanda. Kwetu Wajaluo mama mkwe halali nyumbani kwa mkwe wake hata mvua ya mawe ikinyesha. Nikamuuliza pasta, akasema mlango ni tofauti na ngazi ni tofauti, kwa hivyo nyumba ni mbili. Nikamuuliza baba yangu mdogo Zablon, yeye akasimama barabarani akaangalia juu akaniambia, "Nicanor, hesabu paa. Paa ni moja! Wewe unalala juu ya kichwa ya maro." Maro ndivyo tunavyomwita mama mkwe.

Ningevumilia, lakini siku moja mimi na Pamela tulikuwa pamoja kama mtu na mkewe, na kitanda, ambacho nilikitengeneza mwenyewe, kikaanza kulia, na hapo chini nikamsikia maro akikohoa. Mara mbili. Shangazi, niliganda. Tangu siku hiyo, miezi mitatu sasa, nalala kwenye kiti huko roshani nikisingizia joto. Asubuhi maro ananiuliza, "Baba, umelala vizuri?" na mimi natamani ardhi ipasuke inimeze. Pamela juzi aliniambia, "Nica, kama uko na mwanamke mwingine sema tu nijue," na usiku namsikia akilia, nami nitamwambiaje kwamba shida ni mama yake, maneno ya aibu kama hayo?

Ndiyo nikabandika tangazo posta, na mwalimu mmoja wa Kisii anaitwa Nyangau ameipenda nyumba, anakuja Ijumaa na pesa zake. Mke wangu nampenda, na nyumba hii ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Niuze?

Nicanor, Homa Bay


Nicanor,

Nilijitahidi nisicheke, nikafika salama mpaka kwenye kikohozi. Hapo nikashindwa, na waliokuwa karibu nami wakataka kujua kuna nini. Sikuwaambia jina lako.

Wewe ni fundi wa aina gani? Watu wanapanda ngazi kuja kutazama mvule wako, na kitanda chako mwenyewe kinapiga kelele! Na ule mchanga uliotupa ulikuwa wa kuzuia sauti. Waliojenga nyumba ile nao walikuwa na mama wakwe. Urudishe.

Tuje kwa kikohozi. Huyo mama anauza omena kavu na analala karibu na magunia yake, ulitaka asikohoe? Pengine hakusikia kitu. Na kama alisikia, ni mtu mzima, Pamela hakumnunua sokoni.

Sidharau mila yenu. Sisi Wakisii tunazo zetu, na mimi sikai kiti kimoja na mume wa binti yangu. Pole kwa hilo, najua haya ilivyo, inakata mwili. Lakini wewe umechukua haya ukamfichia mkeo, ukatoroka kitanda, na sasa unauza nyumba kwa siri. Hata mimi nisiyekujua ningesema kuna mwanamke. Baba yako mdogo ni rahisi kwake kuhesabu paa, haumwi na mbu wa roshani yako.

Nina wakwe watatu, kwa hivyo sikiliza jambo ambalo sisi kina mama hatuwaambii. Ya chumbani kwa binti zetu hatutaki kuyasikia, na tukiyasikia tunavuta blanketi kichwani, basi. Kilio cha binti yako ndicho huwezi kukizibia masikio. Umeandika mwenyewe kwamba Pamela analia usiku, na sakafu yako haizuii kitu. Mama huyo yuko hapo chini miezi mitatu akimsikia mtoto wake analia peke yake, na hawezi kupanda kuuliza kwa sababu naye ana heshima zake. Kwa hivyo anakungoja asubuhi, anakuuliza kama umelala vizuri. Ulidhani anakucheka?

Leo hii, si Ijumaa, mtoe Pamela nje, mbali na mbao zako, umwambie: "Namwonea haya mama yako." Atacheka, halafu atakasirika kwa ile miezi mitatu, na hapo unyamaze, una makosa. Yeye ndiye atakayemtafutia mama chumba cha kulala mtaa mwingine, duka libaki palepale. Binti anaweza kumwambia mama yake hivyo, wewe huwezi. Mwalimu Nyangau mpelekee habari mapema asipoteze nauli, na tangazo la posta kalibandue mwenyewe. Kitanda kikaze.

Usipomwambia, barua nitakayoipata kutoka Homa Bay itakuwa ya Pamela, na yeye sitamshauri avumilie.

Shangazi Mellen