Leva ya Klachi Iliyosogezwa Karibu

Mpendwa Baba Mumo,

Pikipiki yako ya njia za matope imewaka. Nalitanguliza hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kabla ya habari za nyumbani.

Tangu tukuzike ilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya turubai. Juzi ndugu yako alipata mnunuzi, akaniomba niitengeneze kwanza. Nikaipeleka kwa Mutiso, fundi wa Dagoretti Corner. Alipiga kiki mara chache, akatikisa kichwa. "Mathe, injini imekufa. Wacha tufungue."

Sikumwamini. Nimekaa sana juu ya ndoo kando yako, nikikushikia spana, nikikusikia ukirudia: petroli, moto, hewa, ndipo ufungue injini. Uliponiambia nipande, nilikujibu kila mara kwamba hiyo ni ya watu warefu.

Nikamwambia amwage petroli iliyolala kwenye kabureta, kisha atoe plagi. Ilitoka nyeusi tititi. Akaigusisha kwenye chuma cha injini na kupiga kiki, hakuna cheche. Plagi mpya nilikwenda River Road kuitafuta mwenyewe, nisije nikawekewa kuukuu. Ilipoingia, injini ikanguruma. Mutiso akacheka, akasema nimemharibia biashara.

Lakini alipotia gea, pikipiki iliruka mbele ikazima, na klachi ameishika. Akaichunguza leva, akaniangalia.

"Mzee alikuwa na mkono mdogo?"

Nikamwambia hapana. Wewe, ambaye kwa ukubwa wa mikono hukuwahi kupata glavu za kukutosha.

"Basi kuna mwingine alikuwa anaendesha hii," akasema. "Leva imesogezwa karibu kabisa na usukani, mpaka waya umelegea. Hata sponji ya kiti imekatwa ili kishuke."

Baba Mumo, moyo wangu ulikwenda moja kwa moja kwenye zile Jumamosi. Ulisema unatengeneza nyaya za stima kwenye nyumba fulani Spring Valley, kisha unarudi na matope kwenye viatu. Spring Valley ni lami na maua. Nilikuuliza, ukasema ni mvua, na siku hiyo jua lilikuwa limewaka tangu asubuhi. Nilivisugua viatu nikavianika. Sasa nilisimama pale gereji nikimtafuta huyo mwanamke kichwani: mfupi, mwenye vidole vidogo, asiyeogopa.

Ili nijue udogo wa mkono wake, niliishika leva. Vidole vyangu viliizunguka vyote. Nikapanda. Miguu yangu yote miwili ikagusa chini.

Ndipo nikakumbuka ile jioni mezani, ulipoweka kikombe ukasema, "Leta mkono." Ukaupima kwa kipande cha waya, ukakitia mfukoni. Nilidhani ni bangili. Niliingoja hadi Krismasi ikapita, nikakununia, nawe ukawa unacheka peke yako. Kisha ukaugua.

Yale matope sijayapatia jibu. Nadhani ulikuwa ukitafuta uwanja tambarare wa kunifundishia. Nadhani tu.

Mutiso aliukaza ule waya, klachi ikatii. Akauliza kama airudishe leva mbali, kwa kuwa mnunuzi ni mwanamume.

"Iache hapo hapo," nikamwambia.

Ndugu yako amekasirika kidogo kwamba siiuzi tena, atapoa. Pumzika, Baba Mumo. Jumamosi nitarudi na matope kwenye viatu vyangu.

Mkeo,
Mama Mumo